Farasi Tuliyemtamani na Punda Tuliyepewa

Kabla ya kukutana katika vikundi, someni nyumbani: Kutoka 20:17 na 23:4-12, Kumbukumbu la Torati 17:14-17, 1 Wafalme 4:26-28 na 10:26-29, Zekaria 9:9-10.



Mtoto wa Kiloleli akipewa karatasi na kuambiwa achore mnyama ambaye angependa kumpanda, atachora farasi. Hajapata kumwona farasi kwa macho yake. Amemwona katika kitabu cha shule, katika kalenda ya ukutani, na siku hizi katika simu ya kaka yake. Punda anayepita nje ya dirisha la darasa akiwa na madumu ya maji mgongoni hachorwi. Tumefundisha watoto, na baadaye tumewafundisha walimu wao, wala hatukumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyemchora punda kwa hiari yake.

Hatuwalaumu watoto. Nasi watu wazima tunaye farasi wetu moyoni, na somo la mwezi huu linamhusu huyo.

Kwanza yafaa tujue kwa nini farasi halisi hakukaa kwetu. Sababu si umaskini peke yake. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kumtafuta Dakta Livingstone alikuwa na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa mapema kabisa, msafara ukiwa bado karibu na pwani. Punda nao wengi walikufa njiani, lakini walibeba mizigo mbali zaidi. Mwaka 1877 Alexander Mackay wa CMS, ambaye baadaye alikaa Usambiro, kusini ya ziwa letu, na kufa huko mwaka 1890, alitengeneza barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite. Ng'ombe wakafa kwa wingi. Mbung'o huambukiza nagana, nao visubi, wadudu wadogo sana wa usiku, huambukiza ugonjwa mwingine unaoweza kumwua farasi kwa siku chache. Ugonjwa huo wa pili punda huustahimili, mara nyingi hata haonyeshi dalili. Si ajabu, maana punda ni mwenyeji wa bara hili. Utafiti wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2022 umeonyesha kwamba punda alianza kufugwa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Farasi ni mgeni kwetu.

Sasa tuitazame Biblia. Waisraeli nao walimtamani farasi. Waliwaona wa Misri na wa Wakanaani, wakaona kwamba taifa lisilo na farasi si taifa. Torati ikamwonya mfalme mapema asijiongezee farasi. Sulemani alijiongezea, na kitabu cha Wafalme kinatuwekea hata bei: farasi mmoja shekeli 150 za fedha, gari moja shekeli 600. Wengi husoma habari hizo wakastaajabia utajiri, kisha wakafunga kitabu. Lakini rudini nyuma kidogo, sura ya 4, aya ya 28. Hapo twaambiwa kwamba shayiri na majani ya farasi hao yaliletwa na maakida, kila mmoja kwa zamu yake. Yalitoka wapi? Yalitoka katika mashamba ya watu. Mkulima aliyelima kwa ng'ombe na kubebesha punda alimlisha farasi ambaye asingempanda kamwe. Sulemani alipokufa, watu walimwendea mwanawe wakilia kwamba nira ni nzito, na ufalme ukapasuka.

Absalomu naye alijipatia gari na farasi na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake. Siku ya kufa kwake alikuwa juu ya nyumbu. (Nyumbu huyu si yule wa Serengeti tunayemfahamu sisi majirani wa mbuga. Katika Biblia yetu nyumbu ni mtoto wa punda dume na farasi jike.)

Kisha angalieni amri ya kumi. Mungu anapotaja mali ya jirani ambayo tusiitamani, anataja nyumba, mke, watumishi, ng'ombe na punda. Farasi hayumo. Sisi twaona orodha hiyo ni ya nyumba ya mkulima, nyumba kama zetu hapa, na kwamba Mungu aliwahesabu wanyama hao kuwa ni riziki hasa ya watu. Hata pumziko la siku ya saba, Kutoka 23:12, limeandikwa kwa ajili ya ng'ombe na punda kwa majina yao.

Mahubiri ya Jumapili ya Matawi mara nyingi husema kwamba Bwana alipanda punda ili kuonyesha unyenyekevu. Ni kweli, lakini Zekaria anasema zaidi. Aya inayofuata inasema farasi ataondolewa Yerusalemu pamoja na upinde wa vita. Farasi wa siku zile alikuwa silaha. Punda alibeba unga, kuni na mama mjamzito. Mfalme alimchagua mnyama wa kazi za nyumbani, akamwacha wa vita.

Basi farasi wetu wa leo ni nani? Kwa baba zetu alikuwa trekta. Wazee wanayakumbuka mashamba ya pamoja ya ushirika katika Usukuma, miaka ya 1960, na matrekta yake. Gharama zilishinda mapato, na waliorudi kulima pamba ni maksai wale wale waliodharauliwa. Kwa vijana wetu ni pikipiki. Hatusemi kwamba pikipiki ni dhambi. Imewafikisha wagonjwa hospitalini usiku wa manane, nasi twashukuru. Tunasema juu ya kile kilichouzwa ili ipatikane.

Miaka iliyopita walipita wanunuzi wa punda vijijini. Machinjio ya punda yalikuwa yamefunguliwa Dodoma na Shinyanga, kwa kuwa ngozi ya punda huchemshwa huko China kupata dawa iitwayo ejiao. Mwaka 2022 Serikali yetu ilisimamisha uchinjaji huo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuukomesha barani kote. Lakini waliokwisha kuuzwa hawakurudi. Punda jike hubeba mimba yapata miezi 12 na huzaa mtoto mmoja, naye hukaa miaka kadhaa kabla ya kufaa kazi. Tumeona kaya ambayo baba aliuza punda wawili akatoa malipo ya kwanza ya pikipiki. Pikipiki ilichukuliwa na mkopeshaji kabla ya mavuno. Leo maji ya nyumba hiyo yapo kichwani kwa mama na binti zake. Baba alimwota farasi. Waliolipa shayiri ni wengine.

Kwa hiyo msidhani somo hili ni la wanyama tu. Ni la nani anayebeba mzigo baada ya mnyama kuondoka.

Na waliobaki tuwatunzeje? Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, na punda wetu wengi ni wadogo, kilo mia na kitu. Mawili yanatosha mgongoni. Wekeni gunia nene chini ya kamba, maana kidonda cha mgongo hakiponi mzigo ukiwa juu yake. Msimfunge nira moja na ng'ombe. Soma Kumbukumbu la Torati 22:10 na ukumbuke tofauti ya kimo na ya hatua zao. Maji ampe yule aliyembebesha maji, kabla hajanywa yeye mwenyewe. Methali yetu husema shukrani ya punda ni mateke. Sisi twadhani aliyeitunga hakutazama mgongo wa punda wake kwanza. Punda wa Balaamu alipigwa mara tatu, na ndiye aliyekuwa akimwona malaika.

Maswali kwa vikundi: Katika jumuiya yenu, ni kaya ngapi zilikuwa na punda miaka kumi iliyopita, na sasa ni ngapi? Alipouzwa, mama wa nyumba aliulizwa? Kutoka 23:5 yatuagiza kumwinua hata punda wa adui aliyeanguka chini ya mzigo. Je, kanisa letu laweza kuwa na punda wa zamu kwa wajane na wazee, na nani atamlisha?