Bima ya Gari na Dia ya Aliyegongwa

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja, dereva wa lori, achukuaye mizigo kutoka Kilindini hata Malaba, na mara nyengine hupeleka Kitale. Asema kwamba asimamishwapo na askari wa barabarani baina ya Webuye na Bungoma, au katika njia ya Kiminini kwenda Kitale, huwakuta madereva wenziwe, na miongoni mwao Waislamu, wakibishana na askari juu ya bima. Mmoja husema sheria hiyo ni ya Mngereza, naye amekwisha kwenda zake. Mwengine husema bima ni kamari, na dini yake yamkataza. Wa tatu husema makampuni hupokea pesa kisha hufa, basi ni kulipia nini? Ndugu yetu auliza: je, Mwislamu ana hoja mbele ya Mwenyezi Mungu kwa maneno haya? Suala hili tulilisoma katika darasa letu, na jawabu tuliyoiona ni hii.

Kwanza na tuijue sheria yenyewe, kwani wengi huibishia bila ya kuijua. Ni Sheria ya Bima ya Magari kwa Khatari za Mtu wa Tatu, Sura ya 405 katika sheria za Kenya. Ni kweli kwamba iliwekwa zamani za ukoloni, mwaka 1945, kwa mfano wa ile ambayo Waingereza walijiwekea kwao mwaka 1930. Lakini asili ya jambo siyo hukumu yake. Sayyidna Umar (r.a.) alipoweka diwani, yaani daftari la askari na posho zao, alifuata mtindo uliokuwako kwa mataifa mengine, na Masahaba hawakumwambia kuwa daftari hilo ni la makafiri.

Sheria hii haimlazimishi mtu kulikatia bima gari lake lisiibiwe wala lisiungue. Hayo ni khiari yake. Inalomlazimisha ni kuwako kwa mlipaji wa yule atakayeuawa au kuumizwa na gari hilo barabarani: mtoto atokaye skuli, mwenye baiskeli, mama akaaye kando ya njia na mahindi yake ya kuchoma. Huyo ndiye mtu wa tatu. Basi dereva abishanaye na askari hadhani illa kwamba wako watu wawili katika maneno hayo, yeye na askari. Kumbe yuko wa tatu asiyekuwapo, na haki inayobishaniwa ni yake.

Nasi Waislamu haki hiyo hatukufundishwa na Mngereza. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu amemwajibisha aliyeua kwa makosa kutoa kafara na kuwafikishia dia watu wa aliyeuawa, illa wakisamehe wenyewe. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa khabari ya wanawake wawili wa kabila la Hudhail waliopigana, mmoja akamtupia mwenziwe jiwe akamuua pamoja na kilichokuwamo tumboni mwake. Mtume (s.a.w.) alihukumu dia ya mwanamke yule iwe juu ya jamaa wa aliyeua. Hao ndio waitwao aakila. Katika madhehebu yetu ya Shafi, dia ya kuua kwa makosa huwa juu ya aakila, nao huilipa kwa muda wa miaka mitatu. Wanavyuoni wa Kihanafi wakaongeza, kwa kufuata kitendo cha Sayyidna Umar, kwamba watu walioandikwa katika diwani moja huwa ni aakila wa wenzao ijapokuwa si wa nasaba moja. Msomaji na alipime hilo: watu wasiokuwa ndugu, walioandikwa pamoja, huchangiana kulipa damu iliyomwagwa na mmoja wao pasina kukusudia.

Hatusemi kwamba makampuni ya leo ndiyo aakila. La. Aakila hawakuwa wakifanya biashara. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alikwisha kuipinga bima ya mizigo ya vyombo vya baharini, na mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah, liliamua kuwa bima ya kibiashara yenye malipo maalumu haifai kwa sababu ya gharari kubwa iliyomo, yaani mapatano juu ya jambo lisilojulikana. Likaonyesha badala yake bima ya kusaidiana. Wako wanavyuoni wengine, kama Sheikh Mustafa Zarqa wa Syria, walioijuzisha ile ya kibiashara. Basi ni mas-ala yenye khitilafu, na wengi wa wanaoikataza wamesema kuwa aliyelazimishwa na sheria atalipa kile kiasi alicholazimishwa, wala hana dhambi.

Kwa hivyo yule asemaye "dini yangu yanikataza" ameshika kipande cha ilimu akaacha kilichobaki. Tena tumuulize: je, ameweka akiba ya kulipa dia? Je, jamaa zake wamekubali kumchangia? Lau angesema ndiyo, tungemheshimu ijapokuwa sheria haimkubalii. Lakini aghlabu hana hiki wala kile.

Na lililo baya zaidi ni mwisho wa ubishi huo. Ndugu yetu amesema, nasi twamsadiki, kwamba ubishi mara nyingi humalizika kwa noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Subhanallah! Mtu amekimbia jambo ambalo wanavyuoni wamekhitilafiana akaingia katika rushwa, ambayo hakuna mwanachuoni hata mmoja aliyeihalalisha! Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kutoa na mwenye kupokea, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 juu ya rushwa huwatia makosani wote wawili. Pesa ile haikununua bima. Gari limepita kizuizini kama lilivyokuja, na mama wa mahindi yuko pale pale.

Huyu wa tatu, mwenye kulalamikia makampuni, hatumtupi. Analo neno. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, na waliokuwa na hukumu za mahakama mikononi walibaki kungoja. Tena sheria yenyewe hailazimishi bima kupita shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Hiyo ni dhuluma ya kudaiwa kwa wenye amri. Lakini ubovu wa mdhamini haukuondolei deni lako.

Yuko na mwengine, ambaye katika suala hakutajwa. Ni mwenye Probox aliyekata bima ya gari la nyumbani, kisha akachukua abiria wa nauli. Huyu cheti anacho, na askari akimuuliza hukionyesha kwa ushujaa. Lakini aliandikiana na kampuni sharti akalivunja, na Suratul Maida yafunguka kwa amri ya kutimiza mapatano. Abiria amelipa nauli yake akidhani ana dhamana, naye hana.

Atakaye kujitoa katika shaka, iko njia. Takaful Insurance of Africa ilianza kazi nchini Kenya mwaka 2011 kwa mpango wa kuchangiana. Asiyeweza kuifikia na akate ile ndogo ya lazima, wala asizidishe. Na askari akikosea, akamwandikia kosa dereva mwenye cheti sahihi kwa kuwa kimo katika simu, haifai ghasia wala noti. Aombe jina na nambari ya askari, akatoe cheti chake mbele ya hakimu, Kitale au Bungoma.

Ndugu yetu ameuliza mwisho: ikiwa tajiri hakukata bima, na dereva akikataa atafukuzwa kazi, afanyeje? Sheria humshika mwenye kuendesha na mwenye kuruhusu. Basi na akitazame cheti kabla ya kutoka Kilindini, na kama muda umepita amwambie tajiri mbele ya shahidi, asilitoe gari mpaka kije kipya. Twajua kuwa haya ni mazito kwa mwenye watoto. Wallahu aalam.