Dondoo muhimu: Kihariri chako cha kwanza kwenye seva

Uko Kismayu au Chula, seva iko ng'ambo, na mtandao unayumba? Anza na nano. Kwenye Ubuntu andika sudo apt install nano. Ctrl+O huhifadhi, Ctrl+X hutoka. Amri zote hizo utaziona chini ya skrini.

Kabla ya kugusa faili la mipangilio, linakili kwanza kwa cp.

Vi nayo jifunze, walau kutoka: bonyeza Esc, kisha :q! na Enter. Bill Joy aliiunda mwaka 1976 akitumia laini ya simu ya polepole mno, ndiyo maana inatufaa sana huku kwetu. Mrithi wake ni Vim ya Bram Moolenaar, iliyotoka 1991, nayo huwaomba watumiaji wawachangie watoto wa Kibaale, Uganda. Laini ikikatika kazini, vim -r na jina la faili hurejesha sehemu kubwa ya ulichoandika.