Hewa Chafu ya Mjini: Hatari Isiyokohoza

Swali: Nikivuta moshi wa daladala kituoni nakohoa kidogo, kisha yanapita. Hatari yenyewe iko wapi?

Kukohoa ni dalili kwamba mwili unajihami. Vumbi la barabarani na masizi makubwa hunaswa puani na kooni, yakatoka na makamasi au makohozi. Kinachodhuru zaidi ni kile ambacho koo halikihisi. Moshi wa dizeli, wa mkaa na wa taka zinazochomwa umejaa chembechembe zisizozidi upana wa mikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu una upana wa mikromita 50 hadi 70. Chembe za udogo huo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, mahali ambapo hewa na damu hutenganishwa na utando mwembamba mno. Kinga ya mwili huzikabili kama inavyovikabili vijidudu vya maradhi, lakini masizi hayafi, na vurugu inayozuka huko huenea kwenye damu. Damu huelekea kuganda kwa wepesi, mishipa hukakamaa, presha hupanda, na mafuta yaliyojijenga kwenye kuta za mishipa huweza kumeguka. Mtu anavuta moshi kwa mapafu, anaumia moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019, na takriban asilimia 68 ya vifo hivyo vilitokana na maradhi ya moyo na kiharusi. Saratani ya mapafu, ambayo ndiyo watu wengi huiogopa, ilichukua asilimia 4 tu. Anayeipima hewa ya mji wake kwa kikohozi anapima sehemu ndogo ya tatizo.

Swali: Mbona basi sijawahi kuona cheti cha kifo kilichoandikwa "hewa chafu"?

Kwa sababu hewa chafu haina ugonjwa wake peke yake. Huyazidisha magonjwa ambayo yangekuwapo hata bila yake. Mwenye presha akipata kiharusi, daktari ataandika kiharusi, na hatakuwa amekosea. Kuna kesi moja mashuhuri iliyokwenda kinyume na desturi hiyo. Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 mwenye pumu kali aliyeishi karibu na barabara yenye magari mengi kusini mashariki mwa London, alifariki Februari 2013, na uchunguzi rasmi wa pili, uliomalizika Desemba 2020, ukaamua kuwa uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Lakini sayansi haikusubiri vyeti. Hutazama watu wengi kwa pamoja, kisha ikauliza ni wapi wanakufa mapema zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliwafuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji sita ya Marekani kwa miaka 14 hadi 16. Katika mji wenye hewa chafu kuliko yote, Steubenville, kasi ya vifo ilizidi ya mji wenye hewa safi kuliko yote kwa asilimia 26. Mwenye shaka atasema labda wa Steubenville walivuta sigara zaidi, au walikuwa maskini zaidi. Ni pingamizi la haki, na watafiti walilizingatia: hesabu hiyo ilitolewa baada ya kuondoa athari za sigara, elimu, unene na mambo mengine. Ambaye bado hajaridhika aangalie Bonde la Utah, hukohuko Marekani. Huko kiwanda cha chuma kilifungwa kwa sababu ya mgogoro wa kazi kuanzia Agosti 1986, kikafunguliwa Septemba mwaka uliofuata. Majira ya baridi ambayo kiwanda kilikuwa kinafanya kazi, watoto waliolazwa kwa maradhi ya kifua walikuwa mara mbili hadi tatu ya wale wa majira kilipokuwa kimefungwa. Familia zilikuwa zilezile, na umaskini au utajiri wao haukubadilika kwa mwaka mmoja. Kilichobadilika ni moshi.

Swali: Wazee wetu walipikia kuni maisha yao yote na wakafika miaka 90. Hilo halitoshi kuwa ushahidi?

Halitoshi, kwa kuwa tunawahesabu waliobaki tu. Mtoto aliyekufa kwa nimonia kabla ya kutembea hayupo barazani kutoa ushahidi wake. Moshi wa ndani ya nyumba ulikadiriwa kusababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Tena mjini moshi wa jikoni haubaki jikoni. Nyumba zimebanana, na wa jirani huingia dirishani kwako. (Mkaa hutoa moshi mdogo kuliko kuni, lakini jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi inayoweza kuua kwa usiku mmoja. Hiyo ni hatari nyingine, na haina mjadala.)

Swali: Takwimu zako ni za Marekani na Uingereza. Zinatuhusu nini sisi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala?

Hapa mpinzani ana hoja. Tafiti za kufuatilia watu wa miji ya Afrika kwa miongo ni chache, na vumbi letu lina udongo mwingi kuliko la huko, kwa hiyo kuzihamisha asilimia za Steubenville hadi Kariakoo jinsi zilivyo si sahihi. Ila kutokuwa na takwimu za kwetu hakumaanishi kutokuwa na madhara. Mishipa ya damu ni ileile, na huku wenye presha wasiojijua au wasiotibiwa ni wengi, yaani wale hasa ambao chembe hizi huwaumiza haraka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachoshauri cha chembe ndogo kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka hadi 5, baada ya ushahidi kuonyesha madhara hata katika miji inayoonekana safi. Vipimo vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere vinaonyesha Kampala ikipita kiwango hicho mara kadhaa. Anga yaweza kuwa ya buluu na hewa bado ikawa mbaya.

Swali: Nivae barakoa?

Ya kitambaa haizuii vizuri chembe ndogo. Ile ya kuchuja hewa inayobana uso vizuri, kama N95, husaidia, lakini hakuna dereva wa bodaboda atakayeivaa kwa saa kumi na mbili kila siku katika joto la Mombasa, na si haki kumdai.

Swali: Nchi maskini itamudu vipi hewa safi? Magari ya mtumba ndiyo riziki ya watu.

Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, na linajibiwa na petroli yenye risasi. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa. Kufikia mapema 2006 ilikuwa imeondolewa kusini mwa Sahara, na mabasi hayakusimama. Wala hakuna raia aliyeambiwa ajikinge na risasi mwenyewe. Kilichobadilishwa ni mafuta kwenye chanzo. Vivyo hivyo London: moshi wa Desemba 1952 uliua maelfu kwa siku chache, na mwaka 1956 ikapatikana sheria ya hewa safi, wakati Uingereza ilikuwa bado inajikwamua kutoka madeni ya vita. Nchi za Afrika Mashariki zilikwisha kuanza kwa dizeli yenye salfa ndogo mwaka 2015, na Kenya hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane kuingizwa. Lakini mafuta safi hufaidisha kidogo pale ambapo chujio la moshi limeng'olewa na fundi, na ukaguzi wa magari haulitazami bomba. Kinachogharimu kidogo zaidi ni taka: zikizolewa, hazichomwi. Atakapokuja diwani kuomba kura, muulize mambo mawili: taka za kata yako zinaishia wapi, na kipimo cha hewa kilicho karibu na shule ya msingi kiko wapi.