Umeshanunua Nyumba, Ripoti ya Uthamini Ina Kosa: Ufanye Nini?

Mwongozo kwa wanunuzi wa nyumba wilayani Namtumbo

Tuseme umenunua nyumba ya matofali ya kuchoma mjini Namtumbo. Ripoti ya uthamini imeandika meta za mraba 140. Baada ya kuhamia unashika futikamba: 13 kwa 8, yaani 104. Tarakimu mbili zimepishana, nawe umelipia vyumba visivyokuwepo.

1. Tenganisha kosa na maoni
Vipimo, namba ya kiwanja na vifaa vya ujenzi huthibitika. Vikiandikwa sivyo, ni kosa. Thamani ni maoni ya kitaalamu: wathamini wawili wanaweza kutofautiana na wote wakawa sahihi. Tazama pia kama umesoma thamani ya soko au ya mauzo ya lazima, ambayo huwa ya chini.

2. Tunza ushahidi
Weka pamoja ripoti, mkataba wa mauziano, stakabadhi na hati. Piga picha kabla ya kukarabati chochote.

3. Andika barua
Mweleze mthamini kosa liko ukurasa gani, ukiambatisha vipimo, na uombe ripoti irekebishwe. Baki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Ikiwa ripoti iliagizwa na benki, anzia benki, kwa kuwa ndiyo mteja wake.

4. Akikaidi
Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inamtaka mthamini awe amesajiliwa. Lalamiko kuhusu mwenendo wake lipeleke Bodi ya Usajili wa Wathamini. Bodi hushughulikia nidhamu. Fidia ni dai lingine, muone wakili.

5. Kama aliyekosa ni muuzaji
Mgogoro wa mpaka au umiliki huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 husuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Muuzaji akikudanganya, Sheria ya Mikataba inakuruhusu kuomba mkataba utenguliwe. Lakini utaulizwa: je, ukweli huo usingeuona kwa uangalifu wa kawaida? Ukuta haujifichi. Kwa hiyo futikamba ishikwe kabla ya kalamu.