Mikorosho Kumi ya Ada

Wadogo zangu wa Masasi na Newala, wiki hii nimeulizwa swali na binti aliyemaliza kidato cha sita: "Dada, nimepata daraja la pili. Mama anasema tusubiri korosho. Dirisha la mkopo likifunguliwa, korosho hakuna. Nifanyeje?"

Umegusa donda lenyewe, mdogo wangu. Kwetu pesa ina msimu. Minada huanza Oktoba, malipo yanaingia benki, nyumba inachangamka: bati jipya, pikipiki, ngoma ya unyago. Ikifika katikati ya mwaka, baba anahangaika na kupuliza salfa na kibubu kinalia kitupu. Ndipo Bodi ya Mikopo inafungua dirisha.

Na mkopo wa wasio na uwezo nao unataka pesa ya kuuombea! Kuna ada ya maombi, kuna uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, kuna nauli ya kushuka mjini, kuna steshenari ya kuskani na kutuma. Mimi yalinikuta. Cheti cha kuzaliwa kilisema Zuhura, cha kidato cha nne kikasema Zuhra. Herufi moja tu! Nilikimbizana na hati ya kiapo wiki mbili, nikatuma maombi usiku wa mwisho huku mtandao unazunguka na jasho linanitoka. Kwa hiyo ukiwa bado kidato cha tano, weka vyeti vyako mezani, soma majina herufi kwa herufi. Kama mzazi amefariki, tafuta cheti cha kifo mapema. Kama kaya yenu ipo TASAF, jaza taarifa zake. Bodi inapima uhitaji kwa karatasi. Machozi hayana pa kupakiwa kwenye mfumo.

Bodi hii ilizaliwa kwa sheria ya mwaka 2004, enzi za Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso hapo hapo Masasi, ikaanza kazi 2005. Haimpi kila mtu sawa: mwenzako anaweza kulipiwa ada yote, wewe ukalipiwa sehemu. Hela ya chakula na malazi, lile bumu mnalolisikia, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Waliofaulu sana masomo ya sayansi wana Samia Scholarship, ambayo hairudishwi. Na tangu 2023 hata baadhi ya fani za stashahada zina mkopo, kwa hiyo aliyekosa chuo kikuu asikate tamaa.

Sasa mpango wa nyumbani. Kabla ya mnada wa kwanza, muombe mama aitishe kikao, na mjomba awepo. Kwetu neno la mjomba lina uzito. Chagueni mikorosho kumi, muizungushie kamba ikibidi, muiite mikorosho ya ada. Kilo zake zipimwe peke yake, na malipo yakiingia, hela hiyo ihamie akaunti yako siku ile ile, kabla shemeji hajaanza kukopa. Hiyo ndiyo itakayokuombea mkopo Juni au Julai, na ndiyo itakayokulisha wiki za mwanzo ukiwa chuoni Dodoma na sanduku lako, bumu halijatoka, na mwenye chumba anagonga mlango.

Wapo wanaoogopa deni. Kuogopa si vibaya, ila piga hesabu. Ukiajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara: kwenye 800,000 ni 120,000 kila mwezi. Inauma, lakini ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikilinenepesha deni kila mwaka, ilifutwa 2021. Unarudisha ulichokula. Kwa hiyo bumu likitoka, kumbuka kwamba unatumia mshahara wako wa kesho. Simu ya laki sita si chakula wala malazi.

Msimu huu mama akirudi kutoka ghalani na stakabadhi mkononi, mpokee mzigo, mpe maji anywe. Kisha muulize kwa adabu: "Mama, katika kilo hizi, zangu ni ngapi?"

Dada yenu.