Madabodi ya kupandishia kasi prosesa

SWALI: Nina prosesa ya Intel Core i5-13600K na nataka kuiendesha kwa kasi kubwa kuliko ya kiwandani. Ninunue madabodi gani?

JIBU: Chagua yenye chipseti ya Z690 au Z790. B760 itakuruhusu kuongeza kasi ya RAM tu, si ya prosesa.

Baada ya hapo, usidanganywe na taa za rangi. Kagua sehemu inayoshusha umeme wa volti 12 hadi takriban volti 1.3 inayotumiwa na prosesa. Intel yenyewe imeweka kikomo cha wati 181 kwa prosesa yako. Kwa volti hiyo, ni karibu ampea 140, na ukipandisha kasi zitazidi. Sehemu hiyo ikiwa dhaifu, itachemka na kasi itashuka yenyewe. Kwa hiyo tafuta vipoza joto vizito vya chuma vilivyoifunika, na soma vipimo vya joto vya modeli hiyohiyo, si vya ndugu yake.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, sasisha BIOS. Mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho ya volti iliyopita kiasi, iliyokuwa ikiharibu prosesa za kizazi cha 13 na 14, yako ikiwemo. Tafadhali usiruke hatua hii.