SI KILA KIFUA KINACHOBANA NI PUMU



Mara nyingi tunasikia watu wakisema, "Fulani ana pumu." Ukiuliza nani amempima, hakuna. Watu wa nyumbani wamemsikia akikohoa, au wamemwona akihema, wakakata shauri wenyewe. Kumbe yapo maradhi mengi yanayobana kifua, na kila ugonjwa una dawa yake. Ukikosea jina la ugonjwa, utakosea na dawa.

Leo tutajifunza kutazama dalili. Kupima ni kazi ya daktari. Lakini wewe ndiye unayelala nyumba moja na mgonjwa. Unayoyaona usiku, daktari hayaoni.

Pumu ni nini?

Ndani ya mapafu mna njia ndogo za pumzi. Kwa mtu mwenye pumu, njia hizo huvimba, hujibana na kujaa ute. Pumzi hupita kwa shida, hasa inapotoka. Kifua hulia kama filimbi.

Pumu ina alama hizi:

1. Huja na kuondoka. Leo mtu amebanwa, baada ya siku chache yu mzima, anachuma karafuu.

2. Huzidi usiku na alfajiri.

3. Huamshwa na kitu. Huenda ikawa moshi wa makumbi na vifuu jikoni, moshi wa tanuri la chokaa, vumbi la usumba, sufi ya godoro, ubani, mafua au baridi.

4. Mara nyingi mgonjwa alianza utotoni, au yupo mwingine mwenye pumu katika ukoo.

Pumu haiambukizi. Kula naye sinia moja bila ya hofu.

Kifua kikuu

Tuchukue mfano. Mzee anakohoa tangu mwezi uliopita. Jirani anamwambia ni pumu, anampa dawa yake. Mzee anangoja nafuu. Kila usiku analala chumba kimoja na wajukuu, dirisha limefungwa. Ikiwa ni kifua kikuu, vijidudu vinatoka kila anapokohoa, na wajukuu wanavivuta. Hatari hii ipo shamba, na ipo pia katika vyumba vya Mji Mkongwe.

Basi kumbuka. Kikohozi cha pumu huja na kuondoka. Kikohozi cha kifua kikuu hakiondoki. Kikifika wiki mbili, nenda kapime makohozi. Usingoje zaidi ikiwa pana homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au damu katika makohozi. Dawa zake hutolewa bila malipo. Kwa kawaida hunywewa miezi 6, na zisikatizwe. Kifua kikuu kinapona.

Nimonia

Nimonia huja kwa siku chache, pamoja na homa. Kwa mtoto mdogo huua upesi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Anapumua mbio ikiwa umehesabu:

– pumzi 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
– pumzi 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12;
– pumzi 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona kifua chake kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, usikae hata saa moja.

Ugonjwa wa moyo

Mtu mzima, hasa mwenye presha, huweza kuamka usiku akihema. Watu husema ni pumu. Mtazame miguu. Ikiwa imevimba, na ukibonyeza kidole hubaki shimo, huenda moyo umechoka. Mgonjwa huyu hawezi kulala chali; hutaka mito mingi au kukaa kitako.

Kitu kilichokwama

Mtoto alikuwa mzima, anakula ubuyu au njugu. Ghafla akapaliwa, na tangu hapo kifua kinalia. Huenda mbegu imeingia katika njia ya pumzi. Usimtie kidole kooni. Mpeleke hospitali hata kama kikohozi kimetulia, na umwambie daktari alikuwa akila nini.

Ikiwa kweli ni pumu

Dawa za kuvuta kwa mdomo ziko za namna mbili. Moja hufungua kifua wakati wa kubanwa. Nyingine huzuia uvimbe, nayo hutumiwa kila siku, hata siku ya uzima. Wengi huiacha hii ya pili wakiona nafuu. Hapo ndipo pumu inaporudi.

Mgonjwa akibanwa, mtoe penye moshi. Mkalishe wima, usimlaze. Mpe dawa yake ya kufungua kifua. Ikiwa hawezi kumaliza sentensi moja, midomo imegeuka rangi, au kifua kimeacha kulia na bado anahangaika, hiyo si nafuu. Ni hatari. Tafuta gari mara moja, mwende hospitali iliyo karibu: Kivunge, Makunduchi au Mnazi Mmoja.

Ukifika kwa daktari, mwambie mambo manne: ilianza lini, huzidi wakati gani, huamshwa na nini, na pana dalili gani nyingine. Maneno yako ni nusu ya kipimo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kikohozi cha pumu na cha kifua kikuu vinatofautianaje?

2. Mtoto wa miezi 8 amehesabiwa pumzi 54 kwa dakika. Tufanye nini?

3. Jikoni kwako moshi unatokea wapi? Unaweza kuupunguza vipi?

4. Kwa nini si vizuri kumpa jirani dawa yako ya pumu?